Nchi Iliyoulizwa

Mwaka huo wa 1905 nilipanda gari la moshi kutoka Tanga, nikakaa nyuma ya Kaleb, mwalimu wa Bungu, aliyekuwa akimsomea gazeti mama mmoja waliyekutana humo humo garini. Mama huyo aliitwa Chausiku, aliuza tumbaku Handeni, na kusubiri mwisho wa sentensi hakukuweza.

"Kwa hiyo hawa Wanorwei walikuwa na mfalme mmoja na Waswidi?" aliuliza. "Ndiyo, mama, naye anakaa kwa Waswidi," Kaleb akajibu. "Sasa wamepiga kura wajitenge, karibu wote. Waliokataa hawajazi hata gari hili."

"Walipigana?"

"Hapana. Waliulizwa."

"Waliulizwa!" Chausiku akapiga makofi. Mimi nilitazama dirishani, maana askari wa Mdachi alikuwa akisinzia mwisho wa benchi letu. "Na wanawake je?" Chausiku akaendelea.

"Hao hawakuulizwa. Walikusanya sahihi zao wenyewe."

"Basi hiyo ni nusu ya nchi, mwalimu. Usiniambie karibu wote."

"Mama, kura ni kura!"

"Nusu!"

Walicheka mpaka askari akaamka. "Mnacheka nini?" Kaleb alilikunja gazeti haraka, lakini Chausiku hakubabaika. "Habari za ndoa tu, bwana askari. Mke anataka kumwacha mume, na hakuna aliyepigwa."

Askari alilifikiria jambo hilo kwa makini kuliko nilivyotegemea. "Na mume amekubali?"

"Gazeti halijasema," Kaleb akajibu, na gari likasimama Korogwe.