Mektilda Ngassa, Mlinzi wa Okidi za Kilumbi (1979–2025)

Mektilda Donatus Ngassa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 hapa Masumbwe, wakati huo ikiwa bado Wilaya ya Kahama. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Donatus Ngassa na mama Vumilia. Wazee wanamkumbuka akichelewa kurudi kutoka kisimani, maana kila jani la njiani lazima alikunje na kulinusa.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Shinyanga. Baba yake alitaka awe mwalimu. Yeye akachagua misitu, akaenda chuo cha Olmotonyi, Arusha, akarudi na cheti mwaka 2001. Watu walimcheka: nchi hii ya vumbi na mashimo ya dhahabu, atalinda msitu gani?

Mwaka 2002 aliajiriwa na kupelekwa milima ya Uluguru, Morogoro, katika kijiji cha Kilumbi. Huko ukungu huingia hadi jikoni, na nguo hukaa wiki nzima kambani bila kukauka. Jioni ya kwanza msituni alisikia harufu nzuri, akadhani mama fulani aliyejipaka manukato anapita nyuma yake. Akageuka, akasema, "Shikamoo." Mzee Marselino, mlinzi wa msitu aliyekuwa akimtembeza, alicheka hadi akashika shina la mti.

"Nani akuitikie marahaba, binti yangu? Umeamkia ua."

Zilikuwa okidi za mwituni, nyeupe kama nta, zimeota juu kabisa kwenye matawi ya mti mkubwa kando ya kijito. Mizizi yake haigusi udongo. Hunywa ukungu, na hunukia jua linapozama. Katika msitu wote wa Kilumbi hazikujulikana kuwepo penginepo. Mektilda na mzee Marselino walikubaliana kutomwonyesha mtu mti ule, kwa kuwa wanunuzi wa maua adimu walikuwa wameanza kuulizauliza vijijini. Alikaa kule miaka kumi na saba.

Tarehe 26 Agosti 2006 alifunga ndoa na Paschal Makoye wa Didia, mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita. Mwaka uliofuata walijaliwa binti, Limi. Paschal alipokwenda Kilumbi kwa mara ya kwanza, mke wake alimpeleka kwenye ule mti. Alisema baadaye kwamba mume si mtu wa kufichwa kitu.

Mwaka 2014 duara la Paschal, yaani shimo lake la kuchimbia, lilijaa maji. Akahamia mlimani kwa mkewe, na kule hakuzoea. Februari 2016 Limi aliugua tumbo, mama yake akampeleka kufanyiwa upasuaji Morogoro mjini. Waliporudi, mti ulikuwa chini. Okidi zilikuwa juu mno kwa kupanda, kwa hiyo waliozitaka walikata shina zima, wakachuma, wakaondoka. Mwanga wa jua uliingia pale ambapo haukuwahi kufika, na ndani ya siku chache ukoga wa kijani juu ya mawe ya kijito ukawa wa kahawia.

Ofisi ilimsimamisha kazi mzee Marselino kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Mektilda alimuuliza mumewe nyumbani, mlango ukiwa wazi.

"Ni wewe uliyewapeleka?"

"Ni maua tu, Mama Limi. Yataota mengine."

"Na mzee Marselino naye ataota mwingine?"

Kesho yake alishuka hadi ofisini akamtaja mume wake kwa majina yote mawili. Paschal alifungwa mwaka mmoja. Mzee Marselino alirudishwa kazini, lakini alikuwa ameshazoea kutazama chini. Alifariki mwaka 2020 bila hata mmoja wetu kumpelekea pole.

Mektilda alikusanya vipande vya okidi vilivyobaki kwenye matawi yaliyoanguka, akavifunga kwenye miti mingine kwa vitambaa vya kitenge chake. Vingi vilikauka. Vichache viliishi, na hadi anahamishiwa huku Mbogwe, wilaya yetu ya sasa, mwaka 2019 havikuwahi kuchanua.

Huku nyumbani alipokewa kwa jina jipya: mwanamke aliyemfunga mumewe. Kwenye misiba alipewa kiti cha pembeni. Mama mmoja wa ukoo alimwambia, "Mayu, mama, mke hamshitaki mume wake." Akajibu, "Basi ningemwacha nani afungwe?"

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alikwenda Mwanza kusafishwa damu, Limi akiwa naye safari zote. Januari mwaka huu Paschal alifika hospitalini, akapiga goti kando ya kitanda, akasema, "Nisamehe." Mektilda akamjibu:

"Umeniomba mimi. Mzee Marselino ulimwomba lini?"

Paschal alilia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho, na familia haitamwekea marehemu maneno ya msamaha ambayo hakuyasema. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, alfajiri.

Jana kikao cha ukoo kiliomba habari za msitu zifutwe, zisisomwe mbele ya wageni. Limi alisimama. "Mama aliyasema ofisini akiwa peke yake. Mimi niko na ninyi wote, niogope nini?" Kisha Paschal, kutoka nyuma, akasema, "Yasomwe."

Marehemu ameacha mama mzazi, mama Vumilia. Mume, Paschal Makoye. Binti mmoja, Limi. Na wadogo wawili, Telesphori na Agatha, ambaye ndiye anayewasomea.

Mungu ampe Mektilda pumziko ambalo sisi watu wake hatukumpa.