Mzee Machela na Mnyororo wa Mlango Namba Tatu

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi katika uwanja huu, mkuu wetu wa walinzi wa milango anastaafu Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu. Kamati ya hafla imetuagiza tuandike mambo ya kufurahisha. Tutaandika yaliyotokea.

Alianza kazi akikagua tiketi jukwaa la mashariki. Mwaka wa tatu alihamishiwa kwenye milango ya kutokea, na huko ndiko alikopata jina la Mzee Machela. Kila asubuhi ya mechi au tamasha alimlaza mtunza stoo juu ya machela, akawaamuru walinzi wanne wamteremshe kutoka safu ya juu kabisa hadi nje, mlango baada ya mlango. Mtunza stoo alichaguliwa kwa uzito wake, naye kila mara alilalamika kwamba anazikwa angali hai. Machela ikigonga meza ya muuza soda, meza iliondoka. Ikikwama penye rundo la viti, hakuna mtazamaji aliyeingia mpaka viti vitolewe. Ofisini walimcheka. Hakujali.

Maneno yake ya kwenye kipaza sauti tunayatumia hata majumbani. Ukiketi tu, tafuta milango miwili, ule ulioingilia na mwingine. Umati ukikubana, kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua. Usishindane na mkondo, sogea kidogo kidogo kuelekea pembeni. Kiatu kikikutoka, kiache: viatu vimejaa madukani, wewe uko mmoja tu.

Miaka tisa iliyopita, kwa ombi la idara ya tiketi, meneja aliamuru mlango namba tatu ufungwe kwa mnyororo, kwa kuwa watu walikuwa wakipenya humo bila tiketi. Mzee Machela aliukata kwa msumeno wa chuma. Meneja alimwita, akamweleza kwa upole kwamba mnyororo ule ulikuwa wa siku ya fainali tu.

"Kifo nacho ni cha siku moja tu, mwanangu," alimjibu.

Akaandikiwa barua ya onyo. Mwaka uliofuata, alipokuwa likizo kumzika dada yake, mnyororo ulirudishwa. Siku ya mechi, kipindi cha pili, mvua kubwa ilinyesha, watu wa jukwaa lisilo na paa wakakimbilia mlango namba tatu. Wa nyuma hawakujua kwamba wa mbele hawana pa kwenda. Mwalimu mmoja wa chekechea, mama wa watoto wawili, hakurudi nyumbani.

Ripoti ilisema kwamba umati ulikosa nidhamu. Hatujapata kusoma uongo ulioandikwa kwa unadhifu kiasi kile. Mzee Machela alikataa kuitia saini. Kwa sababu hiyo alinyimwa kupandishwa cheo mara mbili, na meza yake ikahamishiwa chini ya ngazi, karibu na choo. Wengi wetu tulitia saini. Tunalisema hapa kwa kuwa yeye hajawahi kutusuta.

Sasa ubao wa matangazo unatuarifu kwamba nafasi yake haitajazwa, na kwamba funguo za milango ya kutokea zitakabidhiwa idara ya tiketi, ile ile iliyoomba mnyororo. Huko ni kumkabidhi fisi bucha. Mechi inayofuata ni Jumamosi, siku moja baada ya yeye kuondoka.

Jumatano tulikutana walinzi wote kumi na tisa. Tulipoanza kutajiana nani ana kodi ya nyumba na nani ana watoto shuleni, mkuu wa wafagiaji, ambaye sote humwita Shangazi, alitukatiza akiwa ameegemea ufagio wake.

"Barua ya onyo haijawahi kumkanyaga mtu."

Hapo tukakubaliana: mlango wowote wa kutokea ukikutwa na kufuli asubuhi ya tukio, hakuna hata mmoja wetu atakayefungua milango ya kuingilia. Uongozi usiseme haukuambiwa. Majina yetu yamebandikwa ubaoni, chini ya tangazo lao.

Mzee wetu, asante. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na magoti yasiyouma. Siku utakapokuja na wajukuu zako, ketini popote mtakapo. Mlango ulio karibu nanyi utakuwa wazi. Mkiukuta umefungwa, jueni kwamba sote kumi na tisa tumekwisha kufukuzwa.