Bramwel Wepukhulu, Mpima Vibao vya Barabara ya Kitale

Wapendwa, mchungaji wetu, wazee na akina mama mliotoka Sirisia na Kitale, mimi ni Hiram, mdogo wake marehemu, ndimi niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Bramwel Wepukhulu alizaliwa Sirisia tarehe 9 Machi 1909, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1929 akaajiriwa katika idara ya barabara mjini Kitale, kwanza kupasua kokoto, baadaye kupaka vibao rangi. Tarehe 12 Desemba 1934 alifunga ndoa na Peris Nakhungu, wakajaliwa watoto watano.

Kuanzia 1938 alipewa kazi ya kupima vibao, yaani mtu alitembea kuelekea kibao, akapaza sauti pale alipokielewa, na Bramwel akapiga kigingi hapo na kuhesabu hatua, tena nyumbani alitupima sisi wadogo zake kwa kipande cha mbao, hata tukamwita Bwana Umeonaje, naye akicheka mpaka kofia inaanguka. Siku zile zilikuwa tamu, jamani.

Lakini aliowapima kwenye kona ya daraja la Kamukuywa walikuwa majirani na vibarua wenzake, watu walioijua kona ile kama mlango wa nyumba zao, wakakielewa kibao cha kuonya kona kutoka mbali, na tarehe 14 Juni 1948 Kiplangat, dereva wa lori kutoka Mlima Elgon, aliyekuwa akipita pale mara ya kwanza, hakukielewa, akatumbukia mtoni, akafa. Toka hapo kaka hakupima tena mwenyeji, aliwangoja wageni steshenini Kitale, akawanunulia chai, akawapeleka mbele ya kibao, akakibadilisha mara tatu, na hakuna lori lingine lililoanguka pale. Ila kwa mjane wa Kiplangat hakuthubutu kwenda, na jambo hilo lilimtafuna moyo miaka tisa.

Aliugua kifua Februari 1957, akalazwa Kitale, akatuacha tarehe 3 Mei. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wafanyakazi wenzake. Tunamshukuru pia mama Jepkosgei, mjane wa Kiplangat, aliyeshuka jana kutoka mlimani na vibuyu viwili vya maziwa lala kwa waombolezaji, akaketi karibu na jeneza, akasema, "Si angekuja tu. Mimi nilikuwa namngoja."

Basi kaka, umesikia mwenyewe, sasa pumzika kwa amani.