Jaji Danitza Radonich Tveit, Aliyemshika Ndama na Hakumwachia

Wapendwa wote mliofika, kutoka Butte hapa nyumbani, kutoka Helena, na ninyi mlioendesha gari tangu jana kutoka mashariki mwa jimbo: asanteni. Mimi ni Bosko, mdogo wake. Dada aliniagiza nisome kwa sauti ya juu na nisilie kabla ya ukurasa wa pili. Nitajitahidi.

Marehemu Danitza alizaliwa Butte, Montana, tarehe 9 Februari 1936, kifungua mimba wa Luka Radonich, mchimba shaba, na mkewe Stana, aliyejulikana mtaa mzima kwa povitica yake, ule mkate mtamu wenye kokwa za jozi uliotufanya tugombane kila Krismasi. Ugomvi wa mkate aliuamua Danitza. Alikata vipande, kisha akachukua cha mwisho, kidogo kuliko vyote. Baba alikuwa akisema, "Huyu atatuhukumu sote."

Alimaliza sekondari mwaka 1954, akapiga taipu katika ofisi ya wakili mpaka akapata karo, ndipo akaenda chuoni Missoula. Alihitimu sheria mwaka 1962. Darasani walikuwa wanawake wawili tu. Alipoomba kazi, mawakili walimuuliza swali lile lile: "Unajua kupiga taipu?" Alijibu, "Najua, na ndiyo maana nitajipigia barua zangu mwenyewe." Akafungua ofisi yake Miles City, juu ya duka la matandiko ya farasi. Wateja wake wa kwanza walipanda ngazi wakinuka ngozi mpya.

Mmoja wao alikuwa Orville Tveit, daktari wa mifugo, aliyeshtakiwa na jirani kwa sababu ya fahali. Dada alimshindia kesi, na mwaka 1964 Orville akamuoa. Walijaliwa watoto wawili, Nels na Stana. Shemeji alipenda kusema, "Nilimlipa kwa maisha yangu yote, na bado ananidai."

Mwaka 1970 alichaguliwa mwendesha mashtaka wa kaunti, na mwaka 1978 akawa jaji wa wilaya. Kisha ukaja mwaka 1988! Aligombea kiti katika Mahakama ya Juu ya jimbo, akishindana na wakili maarufu aliyekuwa na mabango kila njia panda. Sisi tulikuwa na pikapu ya Orville iliyonuka dawa ya ng'ombe.

Siku ya kupiga ndama chapa, tulifika kuomba kura kwenye ranchi ya mfugaji Wendell Kiesling, karibu na mji wa Jordan. Wanaume walisimama kando ya zizi wakitutazama.

"Mama jaji," Wendell akaita, "mikono hiyo ya kalamu itamweza ndama?"

"Haitamweza, kaka. Na yako ikivalishwa joho, itaweza?"

"Nipe joho nijaribu!"

"Nipe ndama kwanza."

Akaingia zizini na viatu vyake vya mjini. Alimkamata ndama mguu wa nyuma, na ndama akaondoka naye! Alimburuta kwenye tope na samadi, zizi zima likipiga kelele, mimi nikipiga kelele kuliko wote: "Mwachie, dada! Mwachie!" Ndama alipokwama kwenye kona, uso wa dada haukuonekana kwa uchafu, ila sauti ilisikika: "Bado ninaye! Leteni chapa!"

Wendell alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo alizunguka kila mnada wa ng'ombe akiwaambia watu, "Mchagueni yule. Haachii!"

Asubuhi baada ya uchaguzi tulikuwa nyuma. Dada alikuwa anakaanga mayai, ametulia kama jiwe, redio ikasoma kura za kaunti za mashariki. Tulikuwa mbele! Nilikimbilia nje kwenye theluji na ndara zangu. Mayai yaliungua, na hakuna aliyejali.

Mwaka 1993 ikafika kesi ya Mto Sorrel. Mwenye ranchi alikuwa ameuzungushia seng'enge ili wavuvi wasipite. Mwenye ranchi huyo alikuwa Wendell Kiesling. Dada alitangaza mahakamani kwamba ni rafiki yake. Pande zote mbili zikakubali abaki kwenye kesi. Nilimwona wiki zile hali chakula. Majaji waligawanyika wanne kwa watatu, na hukumu ya wale wanne aliiandika yeye: maji ni ya watu wote, seng'enge iondolewe.

Wendell aliiondoa, na miaka mitatu hakumsalimia.

Mwaka 1996 aligombea tena. Kwenye mkutano wa Jordan wafugaji walimzomea. Mara Wendell akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Nikajua tumekwisha.

"Mwanamke huyu amekula mezani kwangu," alisema. "Nilimtafutia kura. Halafu akaninyang'anya mto. Bado nina hasira naye! Lakini niambieni: siku ukishtakiwa na tajiri mwenye marafiki, unataka jaji gani?"

Dada alilia mbele za watu, mara ya pekee niliyoiona. Alishinda, akatumikia hadi alipostaafu mwisho wa 2004. Mzee Wendell, tunakuona hapo mbele. Asante.

Orville alitangulia mwaka 2015. Moyo wa dada ulianza kumsumbua mwaka 2019. Mwezi huu mjukuu wake Corinne alifaulu mtihani wa uwakili, na mahakama ikaruhusu bibi amwapishe nyumbani kwake Helena. Alitaka joho juu ya nguo za kulalia, tukamvalisha. Corinne alisoma kiapo kwa sauti ndogo.

"Rudia," bibi akasema. "Jaji hakusikia."

Corinne akarudia, safari hii kwa sauti iliyojaza nyumba. Dada akampa mkono. "Karibu kazini, wakili."

Alifariki tarehe 14 Oktoba 2021, siku tatu baadaye, akiwa usingizini.

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, mmoja wao wakili, na mimi mdogo wake. Dada, kikao kimeahirishwa. Pumzika kwa amani.