Kamera ya Gari la Yasinta

Ndani ya kosta ya Handeni, mama mmoja, Yasinta, alikuwa akimweleza aliyekaa naye kiti kimoja, muuza viazi wa Bungu, kwa nini siku hizi anapanda basi.

"Nilipeleka gari kwa fundi Erasto, nikaacha kamera ya kioo cha mbele ikirekodi. Nikatazama yote, hakuiba hata nati. Nikampigia simu kumsifu."

"Akafurahi?"

"Akasema, 'Kumbe unanichunga kama mwizi, dada?' Tangu hapo haligusi; sasa limeharibika tena, na fundi mwingine simwamini."

Mimi niliyewategea sikio tangu Korogwe nikaona haya kidogo.

"Ing'oe hiyo kamera, mama, ukamwombe radhi," muuza viazi akamshauri.

"Nimeshafanya, nikampa na ufunguo wa gari. Akaniambia, 'Yamekwisha, dada,' akanirudishia ufunguo."

Muuza viazi aliinuka kuchukua gunia lake; tulikuwa tumefika stendi.