Gitel, Aliyekaliwa Matanga Angali Hai

Ndugu, majirani na nyote mliotusindikiza hadi hapa makaburini, mimi ni Nisim, mume wa marehemu, na ninayasoma maisha yake kwa kuwa ndugu zake wa damu wamekataa.

Marehemu Gitel alizaliwa tarehe 9 Februari 1948 hapa Yerusalemu, mtaa wa Mea Shearim, binti pekee wa Reb Fishel, mwandishi wa Torati kwa mkono, katika nyumba iliyozungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi waliotoka Ulaya, Kiebrania kikiwa cha sala tu. Alisoma shule ya wasichana ya mtaani, ambako alipouliza kwa nini neno fulani la Zaburi limebadilika umbo, mwalimu alimjibu, "Wewe sali tu, mwanangu."

Oktoba 1967 aliingia Chuo Kikuu kusoma lugha ya Kiebrania na utamaduni wa Kiyahudi, akidhani, masikini, kwamba baba anayeziandika herufi hizo kila siku angefurahi. Baba akamwambia, "Hii si lugha, Gitel, hii ni sala, nawe unataka ukaipasue kama kuku?" Akajibu, "Naipenda, baba." "Mwenye kupenda hapasui." Wiki ileile Reb Fishel alirarua kola ya shati lake kama desturi ya mfiwa, akaketi sakafuni siku saba pamoja na wanawe, Anshel na Hirsh, wakipokea rambirambi za binti aliyekuwa hai, darasani, ng'ambo ya mji.

Alihitimu mwaka 1971, akafundisha Kiebrania sekondari hadi alipostaafu. Tulioana tarehe 14 Juni 1973, upande wa bibi harusi ukiwa mtupu, tukajaliwa mtoto mmoja, Tirza.

Mwaka 1989 mama yake alipolazwa, Gitel alimpelekea supu, Anshel akamzuia mlangoni, "Wewe nani? Dada yetu alikufa." Kifo cha mama yake alikisoma kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, na miongoni mwa watoto jina lake halikuwemo.

Saratani ya kongosho iligunduliwa mwaka jana, akafariki jana, tarehe 6 Machi 2011, mkono wake ukiwa mkononi mwa Tirza. Tuliwaomba kaka zake waje wamsomee Kadishi, sala ya wafu, ambayo kwao husomwa na wanaume tu. Anshel akajibu kwenye simu, "Tulishaisoma," akakata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotupikia, na walimu wenzake waliokuja kumsomea vitabu alipokuwa haoni vizuri. Kadishi ataisoma Tirza, kwa sauti, na asiyetaka kumsikia mwanamke, lango liko wazi.

Gitel, mke wangu, wamekuchosha mno. Sasa pumzika.