Barnabas Ondiek na Karatasi Nyeusi za Kawempe

Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Bwana Barnabas Ondiek, fundi wetu wa pampu, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Kamati ya sherehe ilimpa mkuu wa ulinzi, Tarcisio Ongom, polisi wa zamani, kazi ya kuandika wasifu huu. Mwandishi alishuku papo hapo kwamba wengine wote wamekataa.

Ondiek alitoka Kisumu mwaka 1997, akapanga chumba Kabalagala, mtaa wa mabaa hapa Kampala, ambapo fundi asiyekunywa pombe ni mtu wa kutiliwa shaka. Karakana na maabara yetu ziko Kawempe. Mgodi wetu wa dhahabu uko mbali, mashariki. Kila baada ya wiki mbili alikwenda kutengeneza pampu, akarudi na sanduku la chupa za sampuli za maji. Alirudi pia na omena, wale dagaa wa ziwani, za kuwagawia walinzi. Mwandishi alizichokoa omena hizo kwa kijiti miaka mitatu kabla ya kuonja. Ni tamu.

Walioajiriwa juzi waelezwe kazi yenyewe. Mawe yaliyosagwa hurundikwa kama kilima, yakanyunyiziwa maji ya sianidi. Maji hushuka yamebeba dhahabu, pampu huyasukuma kwenye matangi yenye mkaa, mkaa hunasa dhahabu, na maji matupu hurudi bwawani ili yapandishwe tena. Ondiek alizijua pampu kwa mlio. Aliwahi kuweka bisibisi sikioni, ncha yake kwenye pampu, akatangaza kwamba beringi itakufa Alhamisi. Ilikufa Jumatano, naye akaomba radhi.

Mwaka 2009 hesabu ziligoma. Dhahabu iliyoingia matangini ilikuwa nyingi, iliyotoka kwenye mkaa ilikuwa pungufu, na maji ya kurudi, kwa vipimo vya maabara, hayakuwa na kitu. Basi kuna mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mtu pekee aliyesafiri kati ya matangi na Kampala alikuwa Ondiek. Mwandishi akaanza kumpekua mara mbili mbili.

Siku moja langoni alikutwa na bahasha yenye karatasi nyeusi za kuchujia, alizookota kwenye pipa la takataka la maabara. Hakukana. Alisema kwa Kiswahili chetu cha Kampala: "Afande, mimi funga tu. Lakini hii karatasi musitupe. Choma, pima." Mwandishi aliona ni ujanja. Ondiek akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na kwenye faili lake ikaingia barua inayomwita mtuhumiwa wa wizi.

Mkemia wetu, Bi. Moreen Akullo, alizichoma karatasi zile na kupima majivu, labda kwa udadisi tu. Zilikuwa na dhahabu. Kumbe Ondiek alikuwa ameona vumbi jeusi ndani ya pampu ya maji ya kurudi, ambayo hupaswa kuwa safi. Chujio la tangi la mwisho lilikuwa limechanika, na unga wa mkaa ulikuwa ukienda kulala bwawani pamoja na dhahabu yake. Maabara ilichuja kila sampuli, ikapima maji, ikatupa karatasi zilizonasa unga huo. Ushahidi tulikuwa tukiutupa sisi wenyewe. Tope la bwawa lilipozolewa, lilitoa karibu dhahabu yote iliyodaiwa kuibwa.

Ondiek alirudishwa baada ya wiki tano, akapigiwa makofi. Wengi mnaijua habari hii mpaka hapo.

Msichojua ni habari ya barua. Niliiandika mimi, na sikuiondoa. Nafasi ya msimamizi wa pampu ilitangazwa mwaka 2012, tena 2016. Mara zote mbili faili lilifunguliwa, barua ikasomwa, nafasi akapewa mwingine. Nilikuwemo kikaoni. Nilinyamaza, maana kuifuta ilikuwa kukiri kwamba Ongom alikosea, na niliogopa aibu. Aibu ya leo ni kubwa zaidi.

Ondiek, umekuwa ukidhani ulinyimwa kwa sababu hukusoma sana. Si kweli. Ulifaa. Jumatatu niliitoa barua ile nikaweka nyingine, yenye sahihi yangu, inayosema hukuiba hata punje. Imechelewa miaka kumi na mitano, na cheo haitakurudishia.

Asante kwa kazi yako. Mungu akupe pumziko jema, wewe na mama watoto, na afya ya kulifaidi. Leo nitakuja mezani kwako kukupa mkono. Usipoupokea, nitaelewa.